Kwa nini sitari ya kina Beatles ilizimika haraka, lakini Shakti ikadumu?

#1 GitaaLaMagomeni

Wakuu, salaam.

Kuna jambo linanikaa kichwani kila ninaposikiliza muziki wa miaka ya sitini. Kati ya 1965 na 1968 sitari, kile chombo cha nyuzi cha India, iko kila kona ya roki ya Uingereza na Marekani. Beatles wanayo, Rolling Stones wanayo, na mwaka 1967 kampuni ya Danelectro ikatoa sitari ya umeme ili mpiga gitaa yeyote apate ule mlio bila kujifunza chochote. Halafu ghafla kimya. Kufika 1970 ukiusikia mlio huo unajua ni wimbo wa zamani.

Upande wa pili kuna Shakti. John McLaughlin, Mwingereza wa Yorkshire aliyekuwa akipiga gitaa la umeme kwa kishindo na Mahavishnu Orchestra, mwaka 1975 anakaa chini kwenye zulia na gitaa la mbao. Pembeni yake yupo Zakir Hussain wa tabla, zile ngoma mbili za mkono za India, L. Shankar wa fidla, na Vikku Vinayakram anayepiga chungu cha udongo, ghatam. Wakatoa albamu tatu, na mwaka 2023 jina hilohilo likatoa albamu ya This Moment, ambayo Februari 2024 ikachukua Grammy.

Dai langu ni hili: kina George Harrison, mpiga gitaa wa Beatles, waliutaka mlio, McLaughlin aliutaka muziki wenyewe. Ndiyo maana wa kwanza ulizimika na wa pili unaishi. Anayepinga aje.

#2 Mzee Santuri

Napinga. Unamwonea Harrison.

Ni kweli kwamba kwenye Norwegian Wood alikuwa bado hajui kitu. Sitari yenyewe aliinunua dukani Oxford Street, London, akaipiga kama gitaa. Ravi Shankar, bingwa wa sitari wa India, alipousikia wimbo ule hakuvutiwa hata kidogo. Lakini tazama alichofanya baadaye. Juni 1966 walikutana London, na Septemba mwaka huohuo, mara tu Beatles walipoacha ziara, Harrison akapanda ndege kwenda Bombay kukaa kama mwanafunzi. Watu wakamgundua hotelini, vijana wakajaa nje, ikabidi mwalimu wake amtoroshe hadi Kashmir. Yuko kwenye kilele cha umaarufu duniani na anafundishwa namna ya kukaa na chombo mapajani! Mtu anayetaka mlio tu hafanyi hivyo.

Sikiliza pia Within You Without You ya 1967. Beatle mwingine yeyote hayupo ndani ya wimbo ule. Ni Harrison na wanamuziki wa Kihindi wa London, wa chama cha Asian Music Circle, na baadaye wakaongezwa wapiga fidla wa Kiingereza ambao ilibidi wafuate mivuto ya dilruba, chombo cha Kihindi cha kupigwa kwa upinde. Huo si urembo.

#3 kijana_wa_Buruburu

Mzee Santuri ameingia, sasa uzi umeanza rasmi 😄

Lakini nauliza, si Rolling Stones ndio walitangulia? Paint It Black ndiyo roki ya kwanza yenye sitari.

#4 DaktariNota

Kijana, hapana. Tuweke rekodi sawa:

Norwegian Wood ilirekodiwa Oktoba 1965, ikatoka Desemba ndani ya Rubber Soul. Paint It Black ni Mei 1966, sitari ikipigwa na Brian Jones. Hata kabla ya hapo, Yardbirds walimwita mpiga sitari studio walipokuwa wakirekodi Heart Full of Soul mwaka 1965, haikukaa vizuri, Jeff Beck akaiga mlio kwa gitaa lake na ndilo linalosikika kwenye sahani iliyouzwa. Kinks nao mwaka huohuo walitoa See My Friends. Humo hamna sitari, ni gitaa linalovuma noti moja chini muda wote, na Ray Davies amesimulia kwamba wazo alilipata Bombay walipopita njiani, aliposikia wavuvi wakiimba asubuhi.

Kwa hiyo wa kwanza anategemea unahesabu nini: mlio, chombo au wazo.

#5 GitaaLaMagomeni

Daktari, hapo umenisaidia mimi. Hao wote watatu ni mlio. Kinks wanavuma, Beck anaiga, Jones anapiga melodia ya kawaida juu ya kodi (chords, noti kadhaa zinazopigwa pamoja) za kawaida za gitaa. Hakuna aliyejiuliza raga, ule mpangilio wa noti ambao muziki wa jadi wa India hujengwa juu yake, inakwendaje.

Mzee wangu, Harrison namheshimu. Lakini kufika 1968 aliiweka sitari chini akarudi kwenye gitaa. Mwanafunzi gani huyo?

#6 Mzee Santuri

Mwanafunzi mkweli. Ravi Shankar mwenyewe alikaa Maihar, India, kwa mwalimu wake Allauddin Khan miaka kama saba, akiamka alfajiri na kufanya mazoezi kutwa, na alianza akiwa kijana wa miaka kumi na minane. Harrison aliona wazi kwamba kwa kuanza ukubwani, tena na kazi ya Beatles mkononi, hatofika. Akaacha kupiga, hakuacha urafiki wala kazi. Wamefanya pamoja hadi 1997 na Chants of India, ambayo Harrison aliisimamia kama mtayarishaji. Hiyo ni miaka thelathini na moja tangu wakutane. Shakti yako ya mwanzo iliishi miaka mingapi?

#7 BintiMvita

Assalam aleikum nyote.

Mimi nawaambia hili jambo ni la mkono na masikio kabla ya kuwa la nia. Babangu alipiga tabla kwenye taarabu hapa Mombasa, harusi kwa harusi. Wajuao taarabu ya Mombasa wanajua ilivyo: hamoniamu, tabla, taishokoto, na nyimbo nyingi zenye sauti za sinema za Kihindi zilizotiwa maneno ya Kiswahili. Marehemu Juma Bhalo alijulikana kwa hilo pwani nzima.

Sasa tabla ya harusini ina mizunguko miwili mikubwa, kaherva yenye mapigo manane na dadra yenye sita. Inatosha kumchezesha bibi harusi hadi asubuhi. Babangu akipata kanda za kina Alla Rakha alikuwa akikaa na kuhesabu kwenye vifundo vya vidole, tintal mapigo kumi na sita, akimfuata yule bwana anavyotoka kwenye mzunguko, anavyozurura, kisha anaangukia pigo la kwanza sawasawa. Alikuwa mpiga tabla wa kazi, na bado pale alikuwa msikilizaji.

Kwa hivyo mimi siwalaumu waliotaka mlio. Mlio unachukulika kwa siku moja. Hesabu haichukuliki.

#8 kijana_wa_Buruburu

BintiMvita hiyo post inafaa kubandikwa juu ya uzi. Respekti kwa mzee.

#9 DaktariNota

Nakubaliana na BintiMvita nusu. Mimi nadhani tatizo kubwa lilikuwa kodi, si hesabu.

Roki inasonga kwa kubadilisha kodi. Mpiga rizimu anatoka C kwenda F kwenda G, na hisia ya wimbo inatoka humo. Raga haibadilishi kodi kabisa. Tanpura, chombo cha nyuzi za kuvuma tu, inavuma sa na pa, noti ya kwanza na ya tano, tangu mwanzo hadi mwisho, na kila noti inapimwa dhidi ya ile sauti isiyohama. Ukiweka kodi zinazotembea chini ya raga, umeibomoa, kwa sababu nyumbani kwa msikilizaji kunahama kila baada ya sekunde nne.

Ndiyo maana nyimbo zilizofaulu ni zile zilizokubali kusimama pale pale. Love You To na Within You Without You karibu hazina mwendo wa kodi. Na McLaughlin alikuwa ametoka kwenye jazi ya Miles Davis, ambako tayari watu walizoea kukaa kwenye skeli moja dakika kumi. Alivuka mto mahali penye maji machache. Kwa hiyo sababu ni mtindo waliotoka, wala si nani alimpenda zaidi mwalimu.

#10 Sauti ya Upanga

Daktari amesema kitu nilichokiishi.

Nimekulia Upanga, na kwa muda nilikuwa napiga gitaa kwenye kikundi cha bhajan, nyimbo za ibada za Kihindu, cha jirani zetu. Mwanzoni nikawa naweka kodi tatu kama tulivyozoea kwenye dansi. Mama aliyekuwa akiimba hakusema neno, ila kila nilipofika kodi ya pili alifumba macho kama mtu mwenye jino bovu. Mwisho mpiga hamoniamu akanishika mkono, akaniambia niondoe noti ya kati kwenye kila kodi. Ile noti ya kati, mwimbaji anaivuta kwa koo, anaipandisha kidogo, anaishusha kidogo. Gitaa langu lilikuwa limeshaamua iwe wapi. Nikabaki na sa na pa, nyuzi mbili tatu tu, na siku hiyo ndiyo mara ya kwanza walinipikia dhokla 😄

Sasa McLaughlin alilijua hilo. Gitaa lake la Shakti lilitengenezwa maalumu na Gibson. Mbao ya kwenye mkono ilichongwa mashimo kati ya chuma na chuma, ili kidole kiusukume uzi ndani na kuipandisha noti kama mpiga vina, chombo cha nyuzi cha kusini mwa India. Na juu ya tundu la gitaa zilipita nyuzi nyingine saba kwa mshazari, za kuvuma tu, kama zile za chini ya sitari. Huyo alibadili chombo chake ili kimfuate Mhindi. Kwenye miaka ya sitini ilikuwa kinyume, sitari ndiyo ililazimishwa ifuate wimbo wa dakika tatu.

#11 GitaaLaMagomeni

Sauti ya Upanga, asante sana. Hilo la dakika tatu lisipite hivihivi. Raga ikianza kuna alap, polepole, bila tabla, mpigaji anaitambulisha noti moja moja. Peke yake inaweza kumaliza nusu saa. Sahani ndogo ya wakati ule ilikuwa na dakika tatu kila upande. Utatoa wapi alap?

#12 Nyota ya Maskati

Nawasalimu kutoka Maskati, asili yangu Unguja.

Mmezungumza Bombay na sahani, basi nikumbushe la kwetu. Siti binti Saad na wenzake walivuka bahari kwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi kwa kampuni ya HMV, na sahani zao zikarudi kuuzwa pwani nzima. Januari 1968 Harrison naye alirekodi Bombay katika studio za kampuni hiyohiyo. Alikwenda kwa ajili ya muziki wa filamu ya Wonderwall, na akiwa hapo ndipo ilirekodiwa ala ya The Inner Light, wimbo wa Beatles ambao vyombo vyake vyote ni vya Kihindi. Waliopiga kwenye kazi zile ni watu wazito: Aashish Khan wa sarodi, Hariprasad Chaurasia wa filimbi ya mwanzi, Shivkumar Sharma wa santoor.

Nasema hivi kwa sababu mnavyoeleza ni kana kwamba mzungu ndiye aliyefungua njia. Bahari hii ilikuwa na muziki unaokwenda na kurudi miaka mingi. Bombay ilikuwa mji wa studio tangu babu zetu.

#13 Mshale wa Pangani

Na mbona hakuna aliyemtaja Freddie Mercury? Mzaliwa wa Zanzibar, 1946, damu ya Kihindi, mwanaroki mkubwa kuliko wote mliowataja. Huo si ndio ushirikiano?

#14 Nyota ya Maskati

Freddie ni wetu na fahari yetu, ila hapa haingii. Wazazi wake walikuwa Waparsi, akasoma shule ya bweni Panchgani, India, na huko bendi yake ya kwanza, The Hectics, ilikuwa ikipiga nyimbo za kina Little Richard na Cliff Richard. Queen haikuwa na mpiga sitari wala mpiga tabla. Kuwa na asili ya India na kupiga muziki wa jadi wa India ni mambo mawili.

#15 Mshale wa Pangani

Sawa mkuu, ila sauti ile haikutoka hewani tu. Nitaufungulia uzi wake.

#16 Mwanafunzi wa San Rafael

Habari wadau. Nimesoma kimyakimya, lakini neno "ilizimika" linanikera.

Nilipokuwa California nilijiunga na darasa la tabla pale chuo cha Ali Akbar Khan, bingwa wa sarodi. Alikianzisha kwanza Calcutta 1956, cha California ni 1967, na alifundisha hapo hadi kufariki 2009. Kitu cha kwanza hugusi ngoma. Unatamka. Dha dhin dhin dha, dha dhin dhin dha, mikono ikipiga kofi kuonyesha mzunguko, mpaka ulimi uwe na uhakika kabla ya vidole. Na waliokaa pembeni yangu wengi walikuwa wazee wa Kimarekani wenye ndevu nyeupe. Walikuja enzi za mahipi kwa sababu ya Beatles, wakabaki maisha yao yote.

Kwa hiyo mimi nasema sitari haikufa 1968. Ilitoka kwenye redio ikaingia darasani. Na bila wimbi lile Zakir Hussain, aliyefika Marekani 1970, angemfundisha nani? Mickey Hart, mpiga ngoma wa Grateful Dead, alijifunza kwa Alla Rakha, baba yake Zakir. Kisha yeye na Zakir wakatoa Diga 1976, na Planet Drum 1991, iliyopata Grammy ya kwanza kabisa ya albamu ya muziki wa dunia. McLaughlin mwenyewe alisomea vina Chuo Kikuu cha Wesleyan kwa S. Ramanathan. Shakti ni tunda la mti ambao GitaaLaMagomeni anasema ulikauka.

#17 GitaaLaMagomeni

Hoja nzito hiyo. Ila tazama, waliobaki kwenye mfano wako ni wapiga ngoma. Mickey Hart ni mapigo. Shakti nguvu yake kubwa ni mapigo. Labda daraja la kweli kati ya roki na India ni ngoma, na sitari ilikuwa mlango usio sahihi.

#18 BintiMvita

Hapo sasa ndipo! Zile silabi anazosema Mwanafunzi, kusini mwa India wana zao, konnakol, ta ka di mi, ta ka jo nu. McLaughlin alizishika hadi akatoa mafunzo ya video mwaka 2007 pamoja na Selvaganesh, mtoto wa Vikku Vinayakram. Mpiga gitaa wa roki aliyekubali kujifunza kuhesabu kwa mdomo, huyo anaweza kuongea na mtu yeyote wa ngoma duniani. Na kwenye Planet Drum mule mna Babatunde Olatunji wa Nigeria na huyohuyo Vikku na chungu chake. Jamani, Mnaijeria, Mtamil na Mmarekani wa roki wanaelewana bila noti hata moja!

#19 DaktariNota

BintiMvita, ukisema ni mapigo tu utashindwa kueleza fidla ya L. Shankar, ambayo kwangu ndiyo roho ya Shakti ya kwanza. Sikiliza yeye na McLaughlin wanavyokabidhiana mistari: mmoja anasema, mwingine anarudia kwa kasi maradufu, wanapunguza mpaka nusu ya mstari, robo, kisha wanamaliza pamoja. Hiyo ni melodia na mapigo kwa wakati mmoja.

Na nisahihishe jambo ambalo uzi mzima umelipita. Shakti si "India na Magharibi" tu. Zakir ni wa jadi ya kaskazini, ya Hindustani. L. Shankar na Vinayakram ni wa jadi ya kusini, ya Karnatiki. Jadi hizo mbili zina majina tofauti ya raga, hesabu tofauti, na miaka ya sabini haikuwa kawaida kuzikuta jukwaa moja usiku baada ya usiku. Kwa hiyo ndani ya bendi hata Wahindi walikuwa wakijifunza kwa Wahindi. Hakuna aliyekuwa mgeni peke yake. Nadhani hilo liliifanya iwe imara kuliko mpangilio wa mwalimu na mwanafunzi.

Na hilo la kudumu tulipunguze kidogo: bendi ya kwanza ilimalizika mwishoni mwa miaka ya sabini. Walirudi 1997 kwa jina la Remember Shakti, na kufika 2023 wa mwanzo waliobaki ni McLaughlin na Zakir tu. U. Srinivas wa mandolini, aliyeleta uhai mkubwa kipindi cha pili, alifariki 2014 akiwa na miaka 45. Zakir akafuata Desemba 2024.

#20 kijana_wa_Buruburu

Nilikuwa sijui Zakir amefariki. Dah. Mungu ampumzishe.

Mwaka huohuo wa 2024 alichukua Grammy tatu usiku mmoja, sivyo?

#21 Mwanafunzi wa San Rafael

Ndiyo, tatu. Moja na Shakti, mbili kwa kazi ya As We Speak aliyofanya na Béla Fleck wa banjo, Edgar Meyer wa besi na Rakesh Chaurasia wa filimbi. Béla Fleck huyo ndiye aliyekuja Tanzania mwaka 2005 kuitafuta asili ya banjo Afrika, akapiga na Anania Ngoliga na ilimba yake. Si roki, lakini ukitaka kuona mgeni anavyokaa chini na kusikiliza kwanza, utafute mkanda ule.

#22 Sauti ya Upanga

Ngoliga! Yule bwana ana masikio.

#23 Mzee Santuri

Wote mmeeleza muziki, hakuna aliyeeleza hadhira. Mimi naona hadhira ndiyo iliyoivunja sitari ya roki.

Ravi Shankar alipiga Monterey Juni 1967, Jumapili mchana, kwa muda wa karibu saa tatu, akiwa na Alla Rakha, na watu walisikiliza vizuri. Alifurahi. Lakini tamasha hilohilo akaona The Who wakivunja vyombo na Hendrix akichoma gitaa. Kwa mtu aliyelelewa kukiheshimu chombo, asiyekikanyaga wala kukiruka, lilimuumiza sana. Woodstock 1969 akapiga kwenye mvua mbele ya umati uliolewa, na baada ya hapo akaanza kujitenga na matamasha ya roki. Amelisema waziwazi mara nyingi: hakutaka muziki wake uwe wa kuvutia bangi. Kwa hiyo usiseme roki iliiacha sitari. Sitari nayo iliiacha roki.

#24 GitaaLaMagomeni

Mzee, lakini miaka miwili baadaye si alirudi kwenye jukwaa la roki, Madison Square Garden, New York?

#25 Mzee Santuri

Alirudi kwa sababu nyingine kabisa. Familia yake ilitoka Bengali ya Mashariki, Bangladesh ya leo. Kimbunga kilipiga Novemba 1970, kisha vita ikaanza Machi 1971, mamilioni ya watu wakakimbilia India. Akamwendea rafiki yake, na tarehe 1 Agosti 1971 Harrison akawaleta Bob Dylan, Eric Clapton, Ringo Starr na wengine, maonyesho mawili siku moja. Wa kwanza kupanda jukwaani walikuwa Ravi Shankar, Ali Akbar Khan, Alla Rakha na Kamala Chakravarty wa tanpura. Walipomaliza kupatanisha nyuzi ukumbi ukapiga makofi, Ravi akawaambia kwa upole kwamba kama wamefurahia kutuni kiasi hicho, anatumaini muziki wenyewe wataupenda zaidi.

Watu huicheka hadithi ile. Mimi naiona kubwa. Ukumbi ulijaa watu waliokuja kumwona Dylan, wasiojua hata raga inaanzia wapi, wakanyamaza na kusikiliza. Maonyesho yale yalikusanya zaidi ya dola laki mbili na arobaini elfu kwa UNICEF. Fedha za sahani na filamu zilikwama miaka kadhaa kwa mamlaka ya mapato ya Marekani, kwa sababu msamaha haukuombwa mapema, lakini njia ya tamasha la msaada ilifunguka siku ile. Nitajie jambo zito namna hiyo lililofanywa na Shakti.

#26 BintiMvita

Mzee, hilo silo swali. Swali lilikuwa muziki, si sadaka.

#27 Mzee Santuri

Binti yangu, ushirikiano ni vyote viwili. Mwaka 1974 Harrison alimchukua tena Ravi na kundi zima la Wahindi kwenye ziara ya Amerika Kaskazini. Watu walitaka nyimbo za Beatles, magazeti yakawasema vibaya, na Ravi akapata shambulio la moyo wakiwa Chicago. Harrison alijua ingemgharimu na bado aliwapa Wahindi sehemu kubwa ya onyesho kila usiku. Mimi hapo naiona nia.

#28 Mshale wa Pangani

Mimi narudi na swali la kuvuruga nadharia zenu zote 😄

Mnasema miaka saba ya mazoezi, kodi ziondolewe, hesabu ijifunzwe kwa mdomo, hadhira itulie. Sasa Ry Cooder, mpiga gitaa wa Marekani, na Vishwa Mohan Bhatt wa India? Walikutana chini ya saa moja kabla ya kurekodi A Meeting by the River, ndani ya kanisa Santa Barbara mwaka 1992. Hakuna mazoezi wala mpango. Mtoto wa Cooder, miaka kumi na minne, anapiga dumbek kando ya mpiga tabla Sukhvinder Singh Namdhari. Ikashinda Grammy 1994. Elezeni hiyo.

#29 DaktariNota

Inaelezeka. Chombo cha Bhatt, mohan veena, asili yake ni gitaa. Amelipachika nyuzi za kuvuma, analilaza mapajani na kuteleza juu yake kwa chuma. Mbinu hiyo ilitoka Hawaii. Wapiga gitaa wa Kihawaii walizunguka Asia, Tau Moe aliishi Calcutta miaka ya arobaini, Wahindi wakalipenda, na Brij Bhushan Kabra akalifikisha kwenye muziki wa jadi. Cooder naye ni bingwa wa kuteleza kwenye nyuzi, mbinu ambayo kwa Wamarekani ilitiwa nguvu na hao hao Wahawaii. Kwa hiyo walikuwa ndugu wa ukoo mmoja waliokulia nyumba tofauti. Na gitaa la kuteleza halina tatizo la Sauti ya Upanga, noti iko popote unapoisimamisha.

#30 Sauti ya Upanga

Hapo nimekubali kabisa. Laiti ningekuwa na chuma cha kutelezesha enzi zile za bhajan.

#31 Mzee Santuri

Daktari amenifungulia mlango na sitauacha. Baada ya kuiweka sitari, Harrison alishika nini? Alishika gitaa la kuteleza. Sikiliza My Sweet Lord ya 1970, ile mistari miwili ya gitaa inayoimba. Haikimbii kama blues. Inaipanda noti polepole, inaikaribia kutoka chini, inakaa. Ameuacha mlio wa sitari na kubaki na kile Ravi alichomfundisha. GitaaLaMagomeni, hiyo ndiyo sitari yako "iliyozimika".

#32 GitaaLaMagomeni

Mzee wangu, mbinu ile alianza kuishika Desemba 1969 kwenye ziara ya Delaney na Bonnie. Delaney Bramlett ndiye aliyemsukuma apige sehemu za kuteleza. Hiyo ni Mississippi, si Maihar.

#33 Mzee Santuri

Chuma alikipata kwa Delaney. Lakini Delaney alifundisha watu wengi na hakuna hata mmoja anayepiga vile. Linganisha na Duane Allman, bingwa mwingine wa gitaa la kuteleza aliyekuwa akipiga kipindi hichohicho, kisha uje tuendelee.

#34 GitaaLaMagomeni

Naisikiliza leo usiku na gitaa mkononi. Nitakujibu noti kwa noti.